Mtoto Aliyebeba Maneno Yetu

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na saba alasiri. Nina hakika na muda huo kwa sababu nilikuwa nimeshika saa ya ukutani ya mteja, nimetoka tu kuilinganisha na simu yangu, nilipomsikia mama mkwe wangu akiita kutoka chumbani.

"Wewe! Njoo huku! Njoo!"

Katika miaka kumi na sita ya ndoa yangu hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Kabla sijafika mlangoni nilishajua kwamba mtoto yuko hatarini.

Binti yangu, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa kitandani. Macho yake yalikuwa yamegeukia kulia na mkono wa kulia ulikuwa unarukaruka. Nikiwa bado nimesimama hapo mruko ukashuka mguuni, kisha ukashika mwili mzima. Taya zilikuwa zimekaza. Povu lilikuwa linatoka pembeni ya mdomo.

Inabidi nieleze kwanza kwa nini mimi na mama mkwe hatukuwa tunazungumza, maana bila hilo yaliyotokea hayaeleweki. Hatukuwa na ugomvi. Nimezaliwa katika familia ya Wasukuma waliohamia huku Katavi na ng'ombe wao nikiwa mdogo, na nyumbani nilifundishwa kwamba mama mkwe haangaliwi usoni, hakai nawe jamvi moja, na maneno yenu hupitia kwa mtu wa tatu. Mke wangu ni Mpimbwe. Kwao heshima ya ukwe ipo pia, ingawa si kali kama yetu, lakini mama yake aliipokea ile ya kwetu bila kulalamika. Mwaka huo alikuja kukaa nasi Misunkumilo ili atibiwe macho mjini. Mke wangu alikuwa amekwenda kijijini kwao, Mpimbwe, kuvuna mpunga wa familia. Nyumbani tulibaki watu watatu, na mtu wa tatu wa kupitisha maneno alikuwa huyo mtoto.

Aliipenda sana kazi hiyo. Bibi yake alimwita "mke mwenzangu", kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

"Mke mwenzangu, kamwambie baba yako ugali umeiva. Na akichelewa, mwambie ugali wake nitampa paka."

Mtoto alivuka ua hadi kwenye kibanda changu cha kazi, akasimama wima, akasema yote, pamoja na paka. Jibu langu alilirudisha vilevile. Alikuwa pia mhesabu fedha wa bibi yake. Macho ya bibi hayakuwa yanatofautisha tena noti ya elfu mbili na ya elfu tano, hivyo kila alipotoka sokoni alimfungulia mtoto fundo la kanga, na mtoto alihesabu kwa sauti.

Homa ilianza siku tatu kabla ya alasiri hiyo. Mimi niliishia darasa la saba. Kutengeneza saa, redio, na baadaye simu, nilijifunza peke yangu kwenye vitabu vya kuazima, na kwenye vitabu hivyohivyo nilijifunza pia mambo ya afya kiasi cha kutosha kujiamini. Nina kipimajoto. Nina daftari. Nilimpeleka mtoto duka la dawa, akapimwa malaria, mistari miwili ikatokea, nikanunua dawa ya mseto na kumpa kwa saa zake. Kikohozi kidogo kilipoongezeka nilimpa pia dawa ya maji ya kuua bakteria iliyokuwa imebaki kabatini tangu mdogo wa mke wangu augue kidonda. Nilimpa mpaka chupa ikaisha, siku mbili. Yote niliyaandika. Asubuhi ya siku ya nne joto lilikuwa limeshuka hadi thelathini na saba na pointi mbili, nami nikapiga mstari chini ya namba hiyo kwa kuridhika.

Asubuhi hiyohiyo mtoto alikuja hadi mlango wa kibanda akishikilia ukuta, amefumba jicho moja kwa sababu ya mwanga.

"Baba, bibi anasema shingo yangu..." Akanyamaza. "Bibi anasema nimelala vibaya."

"Mwambie bibi homa imeshuka. Rudi ukapumzike, mama."

Baadaye nilikuja kujua bibi alisema nini hasa. Alikuwa amemwinua anywe uji, na mkono wake ukiwa kisogoni akasikia shingo inakataa kuinama. Yeye hakuona vizuri, lakini mikono yake ilikuwa imelea watoto tisa. Alisema, "Kamwambie baba yako shingo yako imekauka kama ukuni, hii si malaria, twende hospitali." Maneno hayo alimpa mgonjwa ayabebe. Mgonjwa kichwa kilikuwa kinampasuka, akayafikisha nusu. Kutoka chumbani hadi kwenye kibanda changu ni hatua ishirini na mbili. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile.

Sasa alikuwa anatetemeka kitandani, na mtu wa kupitisha maneno hakuwepo.

Nilikuwa nimesoma zaidi ya mara moja kwamba mtu mwenye degedege hatiwi kitu mdomoni. Pamoja na kusoma kote, mkono wangu ulikwenda kwenye kijiko. Mama mkwe aliupiga ukaanguka.

"Utamvunja meno. Mlaze ubavu."

Tukamlaza ubavu. Niliandika saa kwenye kiganja kwa kalamu, nikatoka mbio kutafuta bajaji. Niliporudi nayo chumba kilikuwa kimejaa moshi. Mama mkwe alikuwa amewasha kipande cha mavi makavu ya tembo kwenye kigae. Kwao, kijiji kikipakana na hifadhi, hakuna nyumba yenye mtoto inayokosa kipande hicho cha kufukizia degedege.  Nilifungua dirisha, nikambeba mtoto. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na nne, na alikuwa hajaacha kutetemeka.

Nilitaka kukaa mbele na dereva, kama adabu inavyotaka. Lakini mtoto hakuweza kushikwa na mtu mmoja. Dereva, kijana mwenye kofia ya sufu, aligeuka.

"Mzee, kaa nyuma na mama, unasubiri nini?"

"Huyu ni mama mkwe wangu."

"Basi mimi nitaangalia mbele, sitamwambia mtu."

Nikakaa. Kichwa cha mtoto kilikuwa kwenye mapaja ya bibi yake, miguu kwangu, na goti langu liligusana na goti la mama mkwe njia nzima. Tulipofika kwenye njia panda akaegemea mbele.

"Kijana, pitia Kawajense kwanza. Kuna mganga wa degedege, fedha ninayo." Akashika fundo la kanga yake kuonyesha.

"Nyooka hospitali," nikasema.

Dereva alituangalia kwenye kioo. "Nyie wakubwa, amueni moja."

"Hospitali," nikarudia. Kisha, nikiangalia barabara, nikasema neno la kwanza nililowahi kumwambia mama mkwe wangu. "Mama, naomba."

Akaliachia fundo. "Twende. Ila mkwe, wasimchome sindano. Mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa."

 Tulifika saa tisa na dakika hamsini na mbili.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alimlaza mtoto ubavu, akamwekea hewa ya oksijeni puani, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Ameanza saa ngapi?" Nilimwonyesha kiganja. Alisoma, akaangalia saa ya ukutani.

"Dakika thelathini na tano. Hajaacha hata kidogo katikati?"

"Hajaacha."

Akamwambia muuguzi, mama mtu mzima, alete dawa. Kisha akaniambia, huku mikono ikiendelea, kwamba degedege likizidi dakika tano haliishi lenyewe kwa urahisi, na kila dakika inayopita inafanya dawa ishindwe zaidi. Tangu hapo sijaacha kumshukuru kwa kunieleza. Wapo wanaodhani mtu wa kibandani hahitaji kuelezwa.

Muuguzi alikuja na bomba la sindano. Mama mkwe akasimama mbele ya kitanda.

"Hapana sindano hapa."

"Bibi, tazama." Muuguzi akamletea bomba karibu na macho. "Hakuna ncha. Weka kidole. Hii inapita kwa nyuma, kwenye njia ya haja kubwa. Haichomi."

Mama mkwe alipapasa mwisho wa bomba kwa kidole gumba, taratibu, akageukia upande wangu bila kunitazama. "Kweli haina." Akasogea.

Dawa ikaingia saa tisa na dakika hamsini na tano. Halafu muuguzi akachukua kidude cha kutoboa kidole, ili kupima sukari ya damu.

"Na hicho?"

"Huu ni mwiba tu, bibi, siyo sindano."

"Mwiba nao una ncha, mwanangu. Mimi sioni vizuri, lakini si mjinga."

Muuguzi alicheka kidogo, akatoboa. Sukari ilikuwa chini. Tulisubiri dakika kumi. Mkono wa kulia ulipungua kurukaruka, kisha ukaanza upya. Daktari akasema sasa inabidi mshipa. Sukari na dawa vyote vinahitaji kupita kwenye mshipa, na hakuna njia ya kuviingiza bila ncha.

Mama mkwe aliushika mkono wa mtoto kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alikuwa na mtoto wa kiume, wa pili kuzaliwa, aliyepata degedege wakati wa kupanda mpunga. Walimchoma sindano zahanati. Alikufa kabla sindano haijatolewa. "Niliona kwa macho haya, wakati yanaona."

Daktari hakubishana. Aliniangalia mimi. Ilikuwa saa kumi na dakika sita.

Sina kipaji cha kusema. Ninachojua ni kuuliza kitu kilianza lini na kilisimama lini, kwa sababu ndivyo ninavyotafuta ubovu wa saa. Nikamgeukia mama mkwe wangu, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni.

"Mama, yule mtoto alianza kutetemeka wakati gani?"

"Jogoo wa kwanza."

"Mlifika zahanati wakati gani?"

"Jua lilikuwa utosini. Tulimfukiza kwanza. Halafu tukampeleka kwa mganga wa ng'ambo ya mto. Halafu zahanati."

"Tangu jogoo mpaka jua la utosi hakuacha?"

 Midomo yake ilisogea, nikaelewa kwamba anahesabu. Sikusema zaidi ya hapo, na ninafurahi kwamba sikusema. Aliyekuwa anahesabiwa ni mwanawe.

"Sindano ndiyo ilikuja mwisho," akasema baadaye, kama anamwambia mtoto aliyelala. Akaufungua mkono. "Chomeni. Mimi nitamshika bega."

Dawa ya mshipani iliingia saa kumi na dakika tisa, na sukari nayo. Saa kumi na dakika kumi na mbili mwili ulitulia, lakini mtoto hakuamka. Saa kumi na dakika ishirini ulianza tena. Daktari akasema dozi hizo mbili zinatosha, akiongeza ya tatu mtoto anaweza kusahau kupumua. Akaandaa dawa nyingine, fenobabito, ya kupitishwa polepole, akaweka mfuko wa kupulizia hewa karibu na kichwa cha mtoto.

"Saa yako ni sahihi?" akaniuliza.

"Sahihi."

"Basi hesabu pumzi zake kila dakika, uniambie kwa sauti. Zikipungua chini ya kumi na mbili piga kelele."

Nilihesabu. Ishirini na nne. Ishirini na mbili. Kumi na nane. Mama mkwe alikuwa ameshika bega, na kila nilipotaja namba alisema "endelea." Kumi na sita. Kumi na sita. Saa kumi na dakika arobaini na moja mguu wa kulia ulijikunja mara moja, ukanyooka, na hapo degedege likakoma. Tangu lianze zilikuwa dakika themanini na nne. Ukitoa zile nane za kutulia, sabini na sita.

Jioni hiyo walimwanzishia dawa ya malaria kali na dawa ya kuua bakteria kwa pamoja, bila kusubiri majibu. Asubuhi, hali ilipotengemaa, wakamtoa maji ya uti wa mgongo. Watu wa kitanda cha jirani walituonya kwamba atapooza. Mama mkwe aliwajibu, "Jana niliogopa kwa niaba yenu wote. Leo zamu yenu." Daktari alituonyesha kichupa. Maji ambayo yangepaswa kung'aa kama ya kisimani yalikuwa meupe, kama yaliyooshewa mchele. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo.

Nilimpa daktari daftari langu. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akasimamisha kidole kwenye ile dawa ya kabatini.

"Hii ndiyo iliyoshusha joto," akasema. "Ilipunguza wadudu bila kuwamaliza. Namba yako ilikuwa ya kweli, lakini ilikuficha ugonjwa." Kisha akauliza, "Hakuna aliyeona shingo?"

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa sakafuni, akasema, "Niliona mimi." Kisha akaeleza alichomtuma mtoto. Hapo ndipo niliposikia ujumbe wote kama ulivyotoka kwake asubuhi ile. Nilitaka kuomba radhi, lakini sikujua mkwe anaombwaje radhi. Nilitoka nje nikamnunulia chai na chapati mbili, nikaziweka karibu naye kwa mikono yangu mwenyewe. Alikula.

Mke wangu alifika siku ya pili akiwa na vumbi la mpunga kwenye nywele. Mtoto aliamka siku ya tatu. Nasema aliamka, lakini alinitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Dawa ya mshipani iliendelea siku kumi na nne, na mlinzi wa ratiba hiyo hakuwa mimi. Muuguzi alipochelewa, sauti ilitoka chini ya kitanda, "Sindano ya mjukuu wangu ya saa mbili mbona siioni? Nyie mnadhani macho yangu hayajui asubuhi?"

Tulirudi Misunkumilo na vidonge vya kuzuia degedege na mtoto aliyekuwa nusu. Alitembea, alikula, alijua majina yetu. Lakini maneno yalimmwagika njiani. Bibi alimpa ujumbe mfupi, na kwa kuwa mke wangu alikuwepo hakukuwa na haja tena ya mjumbe, lakini alimpa kwa makusudi. Mtoto alivuka ua, akasimama wima mlangoni kwangu kama zamani.

"Baba, bibi anasema..."

Nilisubiri. Alitazama mikono yake. Machozi yalimlengalenga, akarudi. Siku nyingine alisahau akiwa katikati ya ua, akabaki amesimama pale juani mpaka mama yake akamfuata. Fedha hakuweza kuhesabu kabisa. Alizishika noti kama karatasi za kuchezea. Daktari alisema ubongo uliowaka muda ule hauahidi kitu, unaweza kurudi wote, unaweza kurudi sehemu, na tutajua kwa miezi. Niliuliza ni miezi mingapi. Akasema angekuwa anajua angeniambia, maana anajua ningeandika.

Sikuandika. Daftari nilikuwa nimelifunga. Badala yake kila jioni nilikaa na mtoto tukahesabu skrubu za saa, tatu, nne, tano. Bibi alimtumia ujumbe wa neno moja, "Maji." Wiki nzima ilikuwa "Maji." Kisha "Maji ya moto." Kisha "Maji ya moto, si mengi."

Wiki ya tisa tangu tutoke hospitali, mama mkwe alikuwa anajiandaa kurudi Mpimbwe. Jicho moja lilikuwa limeshatibiwa, na aliona vizuri kuliko alivyokiri. Nilikuwa kibandani, nikamsikia ndani.

"Mke mwenzangu, njoo unifungulie fundo hili. Mimi sioni."

 Kisha nikasikia hatua. Sikuinua kichwa. Nilizihesabu mpaka ishirini na mbili, zikakoma mlangoni. Mtoto alikuwa ameshika noti nne na sarafu moja, amezipanga mkononi kutoka kubwa hadi ndogo.

"Baba, bibi anasema..."

Niliweka koleo mezani. Nilitaka kumsaidia neno, nikajizuia. Ndani, nyuma ya pazia la mlango, kivuli cha mama mkwe kilikuwa kimesimama bila kutikisika.

"Bibi anasema hii ni fedha ya mganga ambaye hatukwenda kwake. Anasema uniwekee ya daftari za shule. Na anasema, ukiila, ugali wako atapewa paka." Akavuta pumzi. "Nimehesabu mara mbili, baba. Ni elfu ishirini na saba na mia tano."